Mzee Mizani na Santuri Iliyopunja

Itangazwe kwa wote wenye masikio, na waliozibwa na nta watangaziwe na jirani zao: katika nyumba yenye mlango wa kijani, nyuma ya kiwanda cha magodoro, Sauti imepatikana. Si hizi sauti zenu za kwenye simu, zinazolia kama nzi aliyefungiwa ndani ya kiberiti. Sauti yenyewe, yenye kifua, tumbo na makalio. Aliyeipata ni mstaafu wa idara ya vipimo, mume wa mkunga, baba wa binti mmoja, babu wa watundu watatu na adui wa vumbi popote lilipo. Wananchi wanaombwa kuvua viatu mlangoni, kuzima simu na kupumua kwa zamu.

Tangazo hilo halikubandikwa ukutani, lakini kila aliyekanyaga nyumba ile mwaka huo alisomewa kwa namna moja au nyingine, mara nyingi kabla hata hodi yake haijaitikiwa. Mpita njia mmoja aliyeingia kuomba maji ya kunywa aliondoka akijua tofauti ya sindano yenye ncha ya mviringo na yenye ncha ya yai, na kiu yake akaondoka nayo vilevile.

Mtaani walimwita Mzee Mizani. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza sokoni, akitembea na sanduku la mbao lenye mawe ya shaba yaliyopangwa kila moja kwenye kishimo chake, akikagua mizani za watu. Alijua hila zote. Alijua jiwe linalogundishwa chini ya sahani, springi inayovutwa ikalegea, na dole gumba la mwuza nyama ambalo, kwa hesabu zake, lilikuwa limeuzwa kwa wateja mara nyingi kuliko maini. Mizani ikiwa sawa, aligonga muhuri. Ikipunja, aliifunga isitumike tena, na kilio cha mwenyewe hakikumwingia hata robo.

Aliyelia kuliko wote alikuwa shemeji yake mwenyewe, kaka wa mkewe, mwuza nyama mwenye duka karibu na kituo cha mabasi. Harusi haijapoa, wageni wengine hawajarudisha hata sufuria za kuazima, Mzee Mizani akapita dukani na sanduku lake, akapima, akakuta mafuta ya nyama yamegandamana chini ya sahani tangu enzi za marehemu baba mkwe. Akaifunga mizani. Shemeji alimkumbusha udugu. Alijibiwa maneno manne ambayo tangu siku hiyo yamekuwa yakitajwa katika kila kikao cha ukoo, cha raha na cha misiba: "Mizani haina shemeji yake." Yule bwana alinunua nyingine, lakini ile iliyofungwa hakuitupa. Aliihifadhi, kama watu wengine wanavyohifadhi jino la mtoto.

Kitu kimoja tu Mzee Mizani hakuwahi kukipima, nacho kilikuwa ndani ya sebule yake.

Ilikuwa mashine ya kupigia santuri, nzito, ya mbao na chuma, aliyoinunua akiwa bado kapera kwa mhandisi mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuja na transfoma yake yenye uzito wa mtoto wa kunyonya, kwa sababu umeme wa huko ilikotengenezwa ulikuwa mdogo kuliko wetu. Santuri alikuwa nazo rafu nzima, lakini iliyohesabika ni moja. Upande wa kwanza, wimbo wa pili: mwanamume anamwomba mpenzi wake asiondoke mpaka mvua ikatike. Mwimbaji alikuwa na sauti nzito, ya taratibu, kama mtu aliyemeza pipa na hana haraka ya kulitoa. Kwa wimbo huo Mzee Mizani alimpata mkewe, na kwa wimbo huo kila Jumapili baada ya chakula walisogeza meza na kucheza, yeye na mkunga wake, bila viatu. Suala la viatu lilikuwa sheria. Kisigino kikigonga sakafu sindano inaruka, ndivyo alivyowaeleza watu, na hakuna aliyeleta ubishi.

Wimbo huo redioni ulipigwa mara chache, na kila ulipopigwa alikasirika. Wanaukimbiza, alisema. Hawa watu wa redio wana matangazo ya sabuni yanawasubiri, basi wanamfukuza mwimbaji wa watu kama kuku. Aliwahi kumwandikia mkuu wa kituo barua ya heshima yenye makali ndani yake, na hakujibiwa. Binti yao alikua akiamini hivyohivyo. Alipochaguliwa kuuimba shuleni siku ya wazazi, aliuimba kama ulivyoimbwa nyumbani, na mwalimu mmoja akauliza kwa upole kama kuna mtu amefiwa.

Basi. Nyonga ya mkunga ndiyo iliyoanzisha yote.

Mwanamke huyu alisimama wodini maisha yake yote akipokea watoto wa watu, na alipostaafu nyonga ya kushoto ikadai haki zake. Akapasuliwa, akawekewa ya chuma. Miezi ikapita akitembea kwa magongo, kisha kwa fimbo, mara mbili kwa wiki akienda kwa mtaalamu wa mazoezi, kijana mpole aliyemwamrisha kama koplo. Jumapili zikawa kimya. Meza haikusogezwa. Ndipo siku moja, akikata vitunguu, mkunga akasema tu kwamba siku atakayoiacha fimbo moja kwa moja atacheza, na kaka yake aje, na binti aje na watoto, washuhudie kama anaanguka au haanguki.

Mzee Mizani alikuwa hodari wa mambo mengi, lakini hofu hakujua kuibeba. Juu ya nyonga hakuwa na la kufanya. Juu ya santuri alikuwa nalo. Akaapa kwamba siku mkewe atakayoinuka kucheza, atachezea sauti ambayo haijawahi kusikika katika nyumba ile.

Alianza na spika. Kutoka pembeni mwa ukuta zilikokuwa zikinguruma kama matumbo yenye njaa, alizivuta mbele, akaziinua juu ya matofali yaliyovikwa vitambaa. Mkewe akasimama mlangoni na fimbo yake, akatazama.

"Unajenga?"

"Naitenga sauti na sakafu."

"Zimegombana?"

Alikuwa akipima kwa futi ya fundi nguo: kutoka spika hadi spika, na kutoka kila spika hadi kiti chake, mpaka pande tatu zikalingana. Akaweka kiti, akakizungushia chaki sakafuni. Kuanzia siku hiyo kiti kile hakikusogezwa na mtu, na njia ya kwenda jikoni ikawa ya kupitia nje, kwa mlango wa nyuma, mvua inyeshe au isinyeshe.

Mashine yenyewe aliiweka juu ya bamba la terazo lililobaki wakati wa kutengeneza bafu, na chini ya bamba akatandika mpira wa ndani wa baiskeli uliojazwa upepo kidogo, ili malori ya magodoro yanapopita nje mtikisiko ufie njiani. Akapima kwa pimamaji la waashi mpaka tone la hewa likakaa katikati. Kwa sonara aliazima mizani ndogo ya dhahabu, akapima uzito wa sindano inavyolala juu ya santuri, na hapo akakaa chini. Sindano ilikuwa ikilalia zaidi ya mara mbili ya ilivyotakiwa. Miaka yote hiyo, alimwambia mkewe kwa sauti ya mtu anayeungama, alikuwa hamsikilizi yule mwimbaji; alikuwa anamlima.

Akaweka sindano mpya, akaipunguzia uzito. Kisha akaosha santuri zote, moja moja, kwa tone la sabuni na brashi laini ya nywele za mtoto aliyompokonya mjukuu wake wa mwisho, akazisuuza kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, akazianika kwenye kichanja cha sahani. Mkunga alikuja kutafuta sahani ya kulia, akazikuta santuri zimejipanga zinachuruzika.

"Nimeogesha watoto wa mji mzima huu," alisema, "na hakuna hata mmoja aliyepata maji kama haya."

Lakini lazima haki itendeke: sauti ilikuja. Vumbi lililokuwa likikaanga kila wimbo kama vitumbua lilinyamaza. Gitaa la pili, ambalo hawakujua kama lipo, likajitokeza upande wa kushoto, likisemezana na la kwanza. Na kabla ya ubeti wa tatu, mbali, nyuma ya ngoma, mtu akakohoa. Mzee Mizani alimwita mkewe aje asikie. Akamkalisha kwenye kiti cha chaki, heshima ambayo hata mkuu wake wa idara hakuipata, akarudisha sindano. Mkunga akafumba macho, akasikiliza kikohozi, akaomba kirudiwe.

"Huyo ana pumu," alisema. "Na hakuna anayemjali."

Ilibaki wiki moja. Fimbo ilikuwa imeshaanza kusahauliwa nyuma ya milango. Sauti ilikuwa tayari, na mtu mwenye busara angeishia hapo. Lakini mkaguzi ni mkaguzi. Alhamisi asubuhi, mkewe akiwa kwa koplo wake wa mazoezi, Mzee Mizani alikuwa anafuta vumbi ambalo halikuwepo, akagundua kwamba amepima kila kitu cha mashine ile isipokuwa mwendo wake. Ubavuni ilikuwa imeandikwa kwamba sahani yake huzunguka mara thelathini na tatu na theluthi kwa dakika. Kando ya maandishi palikuwa na kibandiko cha kiwanda chenye nembo ya taji. Na yeye, aliyewafundisha vijana wa idara kwamba muhuri ni wino tu mpaka upime mwenyewe, aliliamini taji lile ujana wake wote na uzee wake.

Akachukua kipande cha plasta cha mkewe, akakibandika ukingoni mwa sahani, akawasha, akashika saa, akahesabu kila plasta inapopita mbele yake.

Haikufika hata ishirini na nane.

Akahesabu tena. Akabadilisha saa. Kisha akafanya kile ambacho kila mwuza nyama, mwuza sukari na mwuza misumari aliwahi kukifanya mbele yake: akashusha pumzi ndefu, akasema labda ni unyevunyevu.

Haukuwa unyevunyevu. Mwanamke mmoja aliyetengeneza redio na pasi kwenye kibanda karibu na kituo cha mabasi, ambaye watu walimwita Mama Waya, aliipindua mashine aliyopelekewa, akaichungulia mota yake na kumweleza huku akila karanga. Transfoma inabadilisha nguvu ya umeme, alisema, haibadilishi mapigo yake. Umeme wa kule mashine ilikozaliwa hupiga mapigo ya haraka, na mota ya namna hii hufuata mapigo kama askari wa gwaride. Imeletwa huku kwenye mapigo ya polepole, nayo inatembea polepole. Haina ubaya wowote, inatii tu. Dawa yake ni puli: hiki kigurudumu kidogo cha kwenye mota kinachovuta mkanda, kikatwe kingine kinene kidogo. Kuna fundi wa kerezo, mchonga vyuma, mtaa wa pili. Puli ikakatwa siku hiyohiyo, ya shaba, inang'aa kama pete.

Ijumaa mkunga alitoka kwenda kwa jirani. Mzee Mizani akaifunga puli mpya, akahesabu, akapata thelathini na tatu na kitu kidogo, sawasawa na taji. Akaweka wimbo.

Aliyetoka kwenye spika hakuwa yule bwana wa pipa. Alikuwa kijana mwembamba mwenye haraka zake, sauti juu, furaha tele. Ngoma zilimrukia kama watoto wanaotoka shule. Kuhusu mpenzi kuondoka kabla mvua haijakatika, kijana huyu, kusema kweli, hakuonekana kukosa usingizi. Kila chombo kilikuwa safi, wazi, mahali pake. Ilikuwa sauti bora kuliko zote alizowahi kuzitoa. Akapata kuelewa pia, kwa uchungu, kwamba kuna mkuu wa kituo cha redio anayestahili kuombwa msamaha.

Akachukua ufagio, akajaribu kucheza nao. Hakufika ubeti wa pili. Miguu yake ilikuwa imeuzoea wimbo mwingine, na kila alipoishusha, mdundo ulikuwa umeshapita na kuacha anwani. Akakaa kwenye kiti cha chaki na ufagio magotini, akaifikiria nyonga ya chuma. Akamwona mkewe katikati ya sebule, mbele ya watoto, anakimbizana na kijana huyu. Akamwona anateleza.

Akaifungua puli ya shaba, akarudisha ya zamani. Ile mpya akaificha ndani ya sanduku la mawe ya mizani, kwenye kishimo cha jiwe dogo lililopotea zamani. Ilienea vizuri. Akafunga sanduku, na kwa mara ya kwanza maishani akawa mtu anayejua kwamba mizani inapunja na amenyamaza.

Jumamosi haikumtendea wema. Sokoni alipita mbele ya mizani akiangalia viatu vyake. Mezani alimwuliza mkewe, kama mtu anayezungumza habari za watu wengine kabisa, je, ikitokea mtu anauza kilo pungufu, lakini mnunuzi ameridhika, na akipewa kilo kamili inaweza ikamwumiza mgongo, hapo mama unasemaje. Mkunga alimgusa paji la uso.

"Wewe umekula nini?"

Yaliyobaki yaliharibiwa na maini. Mama Waya alikwenda kununua maini, na mwuza maini si mwingine bali shemeji. Wanasubiri yafungwe, wanaongea, na mwanamke yule, ambaye hakuwa na nia mbaya na mtu, akataja mkaguzi mstaafu ambaye mashine yake ilikuwa nyuma kwa miaka yote. Walisema shemeji aliweka kisu chini. Alimwongezea maini.

Jumapili walikuja wote. Binti alikaa na watoto sakafuni, nje ya mistari ya chaki kama walivyofundishwa. Mkunga alivaa gauni la maua ambalo tangu apasuliwe lilikuwa likining'inia tu, na fimbo hakuwa nayo. Alisimama katikati ya sebule akiwa ameegemeza vidole kwenye meza, lakini kidogo tu, kama mtu anayemshika mwenzake bega. Mzee Mizani alikuwa ameshavua viatu. Santuri ilikuwa juu ya sahani, imefutwa mara tatu.

Shemeji akaingia wa mwisho, suruali imepigwa pasi, kwapani kifurushi cha magazeti. Akakifungua taratibu. Ilikuwa ile mizani yake iliyofungwa, na mafuta ya marehemu baba mkwe bado yamo. Akaiweka kando ya mashine ya santuri.

"Wafungwa wakae pamoja," alisema.

Binti akauliza mjomba ana nini leo. Mjomba akasema hana kitu, amesikia tu kwamba katika nyumba hii kuna mgonjwa. Mzee Mizani akasema mgonjwa amepona, si huyo hapo amesimama. Shemeji akasema hamsemi dada yake. Akaelekeza mdomo kwenye mashine.

"Nyani haoni kundule, shemeji. Lakini mimi si mtu wa visasi. Nauliza swali la kitaalamu. Mizani haina shemeji. Je, mke inaye?"

Mzee Mizani angeweza kucheka, angeweza kuweka wimbo na kuyaacha maneno yapite. Puli ya zamani ilikuwa imefungwa, hakuna ambaye angejua. Aliwatazama wajukuu, akaitazama ile mizani yenye mafuta, akaenda kabatini, akafungua sanduku lake, akarudi na kile kigurudumu cha shaba kiganjani.

"Mama," alimwambia mkewe, "wimbo wetu unapunja."

Akamweleza. Alizungumza kama alivyokuwa akizungumza mbele ya hakimu: nilipima kwa njia hii, nikapata hiki, kosa ni hili, limedumu tangu kabla ya ndoa. Yule mwimbaji si mzee, ni kijana. Wimbo ni wa mbio. Redio walikuwa sahihi. Dawa ninayo tangu Alhamisi, nikaificha, kwa sababu nilijaribu na mimi mwenyewe nikashindwa, nikasema mama na ile nyonga ataanguka mbele ya watoto.

Mkunga alikipokea kile kigurudumu. Alikigeuzageuza karibu na macho, akakipima kwa kiganja, kama alivyozoea kufanya na viumbe vidogo vilivyofika duniani kabla ya siku zao.

"Ndiyo hiki tu?"

"Ndicho."

"Nilijua," alisema.

Shemeji akakaa.

Alijua tangu siku ya kwanza, alisema mkunga, na alilisema kama jambo la bei ya chumvi. Bendi ile aliiona kwa macho yake mwenyewe na kuichezea, akiwa msichana, kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa reli, kaka yake huyu ndiye aliyekuwa akimpeleka. Wimbo ulikuwa wa kuruka. Kisha kwenye harusi ya nesi mwenzake akaja kijana wa idara ya vipimo, nadhifu, amechana nywele kwa rula, akaomba acheze naye. Katika wimbo mmoja alimmaliza vidole vyote vya miguu kwa kumkanyaga. Kesho yake mkunga alizalisha akiwa anachechemea, na mwanamke aliyekuwa na uchungu ndiye aliyempa pole.

"Nikasema huyu simtaki. Halafu akanikaribisha nije nisikie santuri. Akaweka wimbo uleule, nikausikia unakwenda mwendo wa mtu aliyebeba maji kichwani. Nikamtazama. Nikasema kumbe kijana amekwenda nyumbani, ameifikiria miguu yake, amesimamisha bendi nzima imngojee. Mwanamume anayejua uzito wake mwenyewe mpaka hapo, huyo nimkubali."

Akamgeukia mumewe.

"Kwa hiyo hukujua?"

"Sikujua."

"Hata siku ile?"

"Nilikuona umenyamaza, nikadhani umeipenda sauti."

"Basi niliolewa kwa mizani mbovu," alimwambia kaka yake, na shemeji akacheka mpaka akalazimika kuitumia pochi ya binti kufutia machozi, kwa vile ndiyo iliyokuwa karibu.

Mzee Mizani bado alikuwa amesimama na mikono mitupu. Akauliza, kwa sauti ndogo, na viatu je. Maana yeye alisema ni kwa ajili ya sindano.

"Sindano haikuwa na neno, baba watoto. Vilivyokuwa vinaruka ni vidole vyangu."

Kisha akamwomba aiweke hiyo ya kweli. Mzee Mizani akapinga, akataja nyonga, akamtaja na koplo. Mkunga akasema nyonga ni yake na chuma ni cha kwake. Basi akapiga magoti mbele ya mashine, akaifungua puli ya zamani kwa bisibisi ndogo, akaifunga ya shaba, akanyoosha mkanda. Akashusha sindano, akarudi nyuma mpaka akagota kwenye kiti chake cha chaki, akakaa.

Kijana mwembamba akaanza kuimba, na mkunga akampa mkono kaka yake mwuza nyama. Wakacheza. Mwanzoni kwa hatua fupi, anaipima sakafu, kisha bega likalegea, kisha gauni la maua likashika upepo wake. Shemeji, na tumbo lake lote, alikuwa mwepesi kama karatasi. Walizunguka, wakaachana, wakakutana, wakageuka pamoja pale gitaa la pili linapoingia kana kwamba wamepanga jana. Nyonga ya chuma ilipita kwenye kona kama milango iliyotiwa mafuta. Wajukuu wakaacha kutafuna.

Naye Mzee Mizani amekaa pale zinapokutana sauti za spika zote mbili, mahali pa sauti bora katika mji ule, kila chombo wazi mbele yake, na hakusikia kitu. Alikuwa akimwangalia msichana wa ukumbi wa reli. Alimjua kwa mara ya kwanza. Jumapili zote zile alidhani anamfundisha mtu kucheza taratibu, kumbe alikuwa akisubiriwa.

Yule mtu wa pumu akakohoa, ubeti wa tatu ukapita, wimbo ukaisha. Mkunga alishika kiti cha binti, akapumua, jasho juu ya mdomo. Alisema ni mzuri, alikuwa ameusahau uzuri wake.

"Sasa rudisha wetu," alisema.

Akairudisha puli ya zamani. Akaisogeza meza mwenyewe, na akiwa na haraka akakisukuma kiti pia, kikavuka chaki, na dari haikuanguka. Shemeji alikuwa amejitupa kwenye kochi akijipepea na gazeti lililobaki tupu. Akalikunja, akalifanya kipaza sauti, akainuka nusu, akamwekea shemeji yake mdomoni, akasema kwa sauti ya msomaji taarifa.

"Ndugu mkaguzi. Taifa zima limesimama. Umepima kwa pimamaji, umepima kwa dhahabu, umejenga kwa matofali, umeosha kwa maji ya hospitali, na mwishowe umejifunga mwenyewe. Kwa faida ya vizazi vijavyo, tuambie kwa ufupi: siri ya kupata sauti nzuri kwenye santuri ni nini?"

Bwana wa pipa alikuwa ameshaanza kuomba kwa kifua chake kizima, bila haraka, na mkunga alikuwa amenyoosha mkono. Mzee Mizani aliutazama mkono ule, akaangalia chini kuhakikisha vidole vyake viko wapi.

"Futa vumbi," alisema. "Na uvue viatu."